Taa ya eabegi haizimiki, na honi inakata kwenye kona: gari lina nini?

Swali: Fundi, habari za kazi. Nina Toyota IST ya mwaka 2004, niko Tanga. Wiki chache baada ya kubadilishiwa reki ya stelingi, taa ya eabegi ilianza kuwaka kwenye dashibodi. Mwanzoni siku inawaka, siku haiwaki. Sasa haizimiki kabisa. Honi nayo inalia nikiwa nimenyoosha usukani, nikikata kona kulia inanyamaza. Fundi wa kwanza alichomoa betri usiku kucha, asubuhi taa ikarudi. Wa pili amesema kompyuta ya eabegi imekufa, niandae laki nne. Wa tatu anasema ataizima taa kwa elfu ishirini, gari itembee. Naomba unisaidie: tatizo ni nini hasa, na je, naweza kuendelea kuwapakia wanangu humo?

Jibu: Salama, dada. Katika maelezo yako yote, kilichonisimamisha ni honi. Taa ya eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka wakati wa ajali, ikiwaka peke yake, sababu zinaweza kuwa nyingi na ziko sehemu mbalimbali za gari. Lakini taa ya eabegi pamoja na honi inayokata kwenye kona, tena baada ya reki ya stelingi (kile kifaa cha chini kinachopeleka mzunguko wa usukani kwenye magurudumu) kufunguliwa, vyote vinaelekeza sehemu moja: spairo kebo, ule utepe wa nyaya unaokaa nyuma ya usukani. Mafundi wengine wanauita klokispringi. Hapo ndipo ningeanzia, na hiyo kompyuta ya laki nne nisingeigusa kwanza.

Nikueleze kinavyofanya kazi ili fundi yeyote akikwambia kitu uweze kumuuliza. Usukani unazunguka, kasha linaloshika shina lake halizunguki, na umeme lazima ufike kwenye honi na kwenye eabegi iliyo katikati ya usukani. Nyaya za kawaida zingejisokota zikakatika siku ya kwanza. Kwa hiyo kuna kasha la plastiki la duara, na ndani yake utepe mwembamba uliokunjwa kama futi ya fundi cherehani. Ukizungusha usukani huku utepe unajikunja, ukizungusha kule unajikunjua. Ndani ya utepe huo kuna njia nyembamba za shaba: mbili za eabegi, nyingine ya honi. Katika Toyota kama yako, utepe una nafasi ya mizunguko miwili na nusu hivi kila upande kuanzia katikati. Usukani wenyewe haufiki huko kwa sababu reki inauzuia.

Sasa ondoa reki. Ili kuitoa, fundi anafungua kiungo cha chini ya shina la usukani, na kuanzia hapo usukani hauna cha kuuzuia. Mtu akiingia ndani ya gari akaegemea usukani, au akauzungusha mara tatu nne kwa kuchezea tu, utepe unavutwa kupita mwisho wake. Wakati mwingine unakatika palepale na taa inawaka kabla gari halijatoka gereji. Mara nyingi hata hivyo, shaba inapasuka bila kuachana, na kwa wiki kadhaa inagusana na kuachia, inagusana na kuachia. Ndiyo sababu yako ilikuwa siku inawaka, siku haiwaki. Njia nyingine ya kuiharibu ni kurudisha usukani ukiwa umepishana mzunguko mmoja na utepe: gari linaenda vizuri barabarani, halafu siku unageuza kwenye maegesho hadi mwisho wa kona, utepe unakatika. Fundi wa stelingi anayejua kazi yake hufunga usukani kwa kamba au kwa mkanda wa kiti kabla ya kulegeza kile kiungo. Ni kazi ya dakika moja.

Kuhusu kompyuta. Kila unapowasha swichi, kompyuta ya eabegi inapitisha umeme mdogo sana kwenye kila saketi yake na kupima ukinzani, yaani jinsi njia inavyozuia umeme, na kipimo chake ni omu. Ndani ya eabegi kuna kiwashio kidogo chenye ukinzani wa omu mbili hadi tatu hivi. Kompyuta ikiona omu hizo inaridhika. Ikiona njia imekatika, au ikiona sifuri, au ikiona umeme wa betri mahali usipotakiwa, inawasha taa na kuandika namba ya hitilafu. Kwa hiyo taa inapowaka, mara nyingi sana ni kompyuta isiyo na ubovu inayoripoti waya mbovu. Nayo ikiwa mbovu yenyewe ina namba yake: katika Toyota nyingi za miaka hiyo ni B1100, au 31 ukisoma kwa kuhesabu mimweko ya taa. Fundi wako wa pili hajakutajia namba yoyote. Mtu anayekuambia uandae laki nne lazima akuonyeshe namba kwanza.

Kuchomoa betri hakusaidii kwa sababu kumbukumbu ya kompyuta hii haitegemei betri, na hata ingefutika, kompyuta ingepima tena asubuhi na kukuta utepe uleule uliokatika.

Huyo wa elfu ishirini nakuomba umkatae kabisa. Najua wanavyofanya. Wengine wanatoa balbu ya taa kwenye dashibodi au kuifunika kwa gundi nyeusi. Wajanja zaidi wanaiunganisha na taa nyingine, kama ya oili, ili iwake ukifungua swichi na kuzima injini ikiwaka, na wewe uone kama vile mfumo umejipima. Wengine wanachomeka rezista, kile kifaa kidogo cha kuzuia umeme, ya omu mbili badala ya eabegi. Kompyuta inaona omu zake, inazima taa, na siku ya ajali inaamuru rezista ifumuke. Yule aliyefunga amekwenda na pesa yake, na aliyekaa nyuma ya usukani anaamini ana kinga. Hili linaniuma kwa sababu anayekuja kuumia mara nyingi si huyo aliyekubali taa izimwe, ni yule aliyenunua gari baada yake.

Kama una wasiwasi gari lako lilishachezewa, au unakagua gari kabla ya kununua, fungua swichi bila kuwasha injini na uangalie taa ya eabegi. Katika Toyota inatakiwa iwake kwa sekunde sita hivi, kisha izime yenyewe huku injini ikiwa bado haijawashwa. Isipowaka kabisa, imetolewa. Ikisubiri injini iwake ndipo izime pamoja na taa ya oili, imeunganishwa. Pitisha pia kidole kwenye kifuniko cha usukani na kwenye dashibodi upande wa abiria, ukitafuta mshono wa gundi au rangi isiyolingana. Eabegi ikishafumuka mahali hapo hupasuka, na wapo wanaoziba kwa kifuniko kitupu.

Swali la watoto ngoja nilijibu kabla ya kwenda kwenye spana. Kwa sasa hesabu kwamba gari lako halina eabegi ya dereva. Hata ile ya abiria na vile vivuta mkanda, vinavyokaza mkanda wakati wa kugonga, usivitegemee mpaka taa izime kihalali. Mkanda wenyewe bado unashika, na ndio unaookoa kuliko kitu kingine chochote ndani ya gari. Kwa hiyo unaweza kuendesha kwenda kazini na kwenda gereji, kila mtu akiwa amefunga mkanda, watoto wakiwa nyuma. Safari ya usiku kwenda Dar na watoto ningeiahirisha. Na hata gari likishapona, mtoto mchanga kwenye kile kiti kinachotazama nyuma asiwekwe kamwe mbele ya eabegi inayofanya kazi: mfuko unajaa kwa milisekunde thelathini hivi (sekunde moja ina milisekunde elfu), na nguvu hiyo haichagui.

Kitu kimoja tu kingenifanya nikwambie usiliendeshe: kama mashine ya kusomea namba za hitilafu itaonyesha kwamba waya wa eabegi umegusana na umeme wa betri. Katika Toyota nyingi za kizazi cha IST yako hiyo ni B0103 au 12. Hapo acha gari lilipo, chomoa betri, mwite fundi aje. Dalili zako hazifanani na hilo.

Sasa kazi yenyewe. Ningependa uisome hata kama hutaifanya kwa mikono yako, kwa sababu ukisimama pembeni utajua nani anakisia na nani anapima.

Cha kwanza ni kusoma namba kabla ya kufungua chochote. Vile vifaa vidogo vya bei rahisi vinavyounganishwa na simu kwa kawaida vinasoma injini tu. Fundi atakwambia "gari halina kosa" na taa inawaka mbele yake. Inatakiwa mashine yenye sehemu ya eabegi. Kama haipo, Toyota za umri huo zinaweza kusema zenyewe. Chini ya dashibodi kuna soketi ya kupimia yenye matundu 16. Ukiitazama upande wake mpana ukiwa juu, safu ya juu inahesabiwa 1 hadi 8 kutoka kushoto, ya chini 9 hadi 16. Unganisha tundu la 4 na la 13 kwa kipande cha waya, fungua swichi, na taa ya eabegi itaanza kumweka. Inamweka tarakimu ya kwanza, inapumzika, inamweka ya pili. Mmweko mmoja, kisha minne, ni 14: saketi ya eabegi ya dereva imekatika. Kwenye mashine itaandikwa B0101. Ndiyo ninayoitarajia kwako. Ukipata 13, yaani B0100, ni shoti kwenye saketi hiyohiyo, na bado spairo kebo ndiyo mshukiwa wa kwanza. Mimweko ya haraka isiyopumzika maana yake hakuna kosa. Hesabu matundu mara mbili kabla ya kuchomeka, maana la 16 lina umeme wa betri moja kwa moja, na ukiligusisha na la 4, ambalo ni ethi, yaani upande wa hasi, utaunguza kitu.

Andika namba kwenye karatasi. Usikubali ifutwe kabla hujaiandika.

Pili, betri. Nyoosha magurudumu, zima swichi, toa ufunguo, fungua waya wa hasi wa betri na uufunike kwa kitambaa usirudi kugusa. Kisha subiri. Toyota wanasema angalau sekunde 90, kwa sababu ndani ya kompyuta kuna akiba ya umeme iliyowekwa makusudi ili eabegi ifanye kazi hata kama betri imeng'oka kwenye ajali. Mimi nasubiri dakika tano. Hakuna hasara yoyote. Fundi anayechomoa betri na palepale kuinamia usukani, mwambie aache.

Na hapa kuna onyo ambalo ningependa libandikwe kwenye ukuta wa kila gereji. Mafundi umeme wetu wengi wanapima kwa balbu ya indiketa iliyofungwa nyaya mbili. Kwa taa na mafeni ni kifaa kizuri. Kwenye waya za eabegi ni kiberiti. Balbu ya wati 21 kwenye volti 12 inavuta ampia 1.75, na kiwashio cha eabegi kinahitaji ampia moja na kidogo kwa muda wa milisekunde mbili tu. Kuchomeka ile balbu kutafuta "kama moto unafika" ni kuifumua eabegi usoni. Mita nayo isiwekwe kwenye eabegi yenyewe, hata kama ni mita nzuri. Eabegi haipimwi omu na mtu. Kinachopimwa ni nyaya, tena zikiwa zimechomolewa pande zote mbili.

Kutoa eabegi ya IST si kazi ngumu. Pembeni mwa usukani kuna vifuniko vidogo vya plastiki, na ndani yake skrubu za nyota za T30, moja kila upande. Zinalegezwa mpaka zishikiliwe na kasha lake, hazitolewi kabisa. Kifuniko chote kinasogea kuja kwako. Usikivute kwa nguvu, maana nyuma yake kuna soketi ya njano yenye kufuli dogo. Fungua kufuli kwanza, ndipo uchomoe. Rangi ya njano kwenye nyaya za gari ni ya eabegi, popote utakapoiona. Ukiibeba, uso wa eabegi utazame mbali na mwili wako. Ukiiweka mezani, uso utazame juu, na usiweke kitu chochote juu yake. Ikilazwa kifudifudi halafu ikafumuka, chuma chote cha nyuma kinaruka hadi dari.

Sasa kipimo kinachotenganisha eabegi na waya. Mahali pa eabegi chomeka rezista ya omu mbili, ile ile ambayo matapeli wanaitumia, lakini hapa kwa kazi yake halali ya kupimia. Rudisha betri, fungua swichi, soma tena. Kama namba 14 sasa haiji, ubovu umo ndani ya eabegi yenyewe, jambo ambalo ni nadra. Kama inaendelea kuja, ubovu uko nyuma: utepe, soketi, waya, na mwisho kabisa kompyuta. Zungusha usukani taratibu huku na huku wakati mashine inasoma. Ukiona namba inakuja kwenye kona na kutulia ukinyoosha, sawasawa na honi yako inavyofanya, umeshapata jibu. Funga swichi, chomoa betri, subiri tena, toa rezista. Hiyo hatua ya kusubiri hairukwi kwa sababu eti tumeshasubiri mwanzoni.

Ili uwe na uhakika wa mwisho, toa spairo kebo nje. Nati ya usukani inafunguliwa, lakini kabla ya kuvuta usukani weka alama kwa kalamu kwenye shina na kwenye usukani ili urudi palepale. Pima kila njia ya shaba kutoka mwanzo hadi mwisho wake: isizidi omu moja. Shika mita hivyohivyo huku mwenzako akizungusha kasha polepole ndani ya mipaka yake. Utepe mzima hauchezeshi namba. Uliopasuka unaruka kutoka sifuri nukta tatu kwenda kwenye mstari wa "hakuna njia", kisha unarudi. Ukikiona kitendo hicho mara moja kwa macho yako, hutasahau.

Kuna mtego mmoja hapa unaowapotosha hata mafundi wazuri. Ndani ya soketi za njano kuna kijisahani cha springi ambacho kinaunganisha nyaya mbili pamoja pale soketi inapochomolewa. Kimewekwa ili eabegi isipate tofauti ya umeme kwa bahati mbaya ikiwa imechomolewa. Fundi asiyekijua anapima kati ya nyaya mbili, anakuta zimeshikana, anasema kuna shoti, anakununulisha kitu kisicho na ubovu. Pima kila waya peke yake mwanzo hadi mwisho. Ukitaka kupima kati ya waya na waya, lazima kwanza uzuie hicho kijisahani.

Spairo kebo iliyokatika haigundishwi wala haichomelewi. Nimeona zilizounganishwa kwa risasi ya kuchomelea. Zinapita wiki mbili, zinakatika pembeni mwa kiungo. Nunua nyingine inayolingana na gari lako kwa namba ya chesisi, na ikiwezekana iwe mpya. Mpya inakuja imefungwa katikati kwa pini au kwa mkanda wa plastiki. Usiuondoe mpaka iwe imekaa kwenye gari. Kama ulinunua iliyotumika, au pini imeshatoka, itafute katikati: izungushe kwa mkono kwenda kushoto taratibu mpaka ikaze, bila kulazimisha, halafu irudishe kulia mizunguko miwili na nusu hivi mpaka alama zilizochorwa zikutane. Hatua hii ndiyo kazi yote. Ikirukwa, baada ya mwezi utaniandikia tena.

Rudisha usukani kwenye alama zako, kaza nati kwa Nyutoni-mita 50 (kipimo cha nguvu ya kukaza), na zile skrubu za T30 kwa Nyutoni-mita 8.8 tu, si za kukazwa kwa hasira. Hakikisha soketi ya njano imelia "klik" na kufuli limerudi. Betri iwe ya mwisho kabisa, na wakati wa kufungua swichi mara ya kwanza mtu asikae mbele ya usukani. Nyoosha mkono kutoka nje ya mlango. Futa namba kwa mashine. Fungua swichi tena: taa iwake sekunde sita hivi, izime, ibaki imezimika. Kisha washa injini, geuza usukani hadi mwisho kushoto, hadi mwisho kulia, ukibonyeza honi njia nzima. Honi isikate hata mara moja. Mwambie fundi akupe kasha la zamani uondoke nalo.

Inawezekana namba yako isiwe ya dereva, na honi iwe na ugonjwa wake tofauti. Katika hali hiyo sehemu ninayoiangalia kwanza ni chini ya viti vya mbele. Kuna soketi za njano pale, za vivuta mkanda, na katika magari mengine za eabegi za pembeni ya kiti. Zinavutwa kila kiti kinaposogezwa. Zinamwagiwa maji siku ya kuosha zulia. Na nyie wa Tanga mna hewa ya chumvi: ukifungua soketi iliyokaa na unyevu utakuta pini zimeota ukungu wa kijani. Betri ikiwa imechomolewa na muda umepita, zisafishe kwa dawa ya kusafishia umeme, zikauke, uzirudishe mpaka kufuli lishike, na zifungwe vizuri zisining'inie. Gari likitoka kwa fundi wa kushona makava taa ikiwa imewaka, anzia hapohapo, maana viti vilitolewa. Tena, kama kiti chako kina eabegi ya pembeni, kava la kushona lililobana ubavu wote linaizuia kutoka.

Kompyuta huhukumiwa mwisho, baada ya waya zote kuwa safi, au pale gari lilipozama maji, au pale lilipogongwa eabegi zikafumuka. Baada ya ajali kompyuta huandika tukio hilo kwenye kumbukumbu, na mashine za kawaida hazilifuti. Wapo wanaofuta kwa kuifungua na kuandika upya kumbukumbu. Toyota wenyewe wanataka ibadilishwe mpya, tena wanakataza kufunga vifaa vya eabegi vilivyotolewa gari jingine. Nakubaliana nao, hasa kwa eabegi yenyewe, na sababu yake haionekani kwenye taa yoyote.

Sababu hiyo ni Takata. Kampuni hiyo ya Japani ilitengeneza vijazio vya eabegi kwa Toyota, Honda, Nissan, Mazda, BMW na wengine wengi. Baruti yake ilikuwa ya amonia naitreti, na miaka mingi ya joto na unyevu huiharibu, ikawa inalipuka kwa nguvu kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma ndani ya gari. Marekani peke yake imethibitisha vifo zaidi ya 20, vijazio karibu milioni 67 viliitwa virudishwe nchini humo, na mwaka 2017 kampuni ikafilisika. Joto na unyevu ni hali ya hewa ya Tanga, Mombasa na Unguja mwaka mzima. Na kiwashio cha eabegi ya namna hiyo kina omu zake mbili kama kawaida, kwa hiyo kompyuta inaridhika na taa inazima. Ndiyo maana eabegi iliyotolewa kwenye gari lililochakazwa, ambalo hujui lilikaa wapi, mimi siifungi.

Kwa hiyo ukishamaliza suala la taa, chukua namba yako ya chesisi, ile inayoanza na NCP na kufuatiwa na tarakimu, uiingize kwenye sehemu ya kutafuta magari yaliyoitwa kurekebishwa katika tovuti ya Toyota ya Japani. Iko kwa Kijapani, lakini simu inatafsiri vya kutosha. Likitokea kwamba lako liliitwa na kazi haikufanyika, piga picha ya majibu upeleke kwa wakala wa Toyota.

Ukishasomewa namba, nitumie kama ilivyo, pamoja na jinsi honi inavyofanya kushoto na kulia. Ikiwa ni 14 au 13, mpe fundi maelezo haya aanze kufungua usukani. Ikiwa ni nyingine, asifungue kitu mpaka nikujibu.